Mashine ya Fancy Inajua Kusimama

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Kwako daftari mpya. Natumaini u mzima. Mwalimu Mokeira wa ngumbaru alisema tuandike kila siku ili mkono usisahau herufi. Lakini yeye ametufundisha kuandika barua tu, kwa hivyo nitaanza vile najua. Sisi sote hapa Kapsoit tu wazima. Baba Fancy ni mzima, mgongo tu. Mama mkwe ni mzima, anakula, analalamika. Ng'ombe wangu Malaika ni mzima, amezaa dume, si neno. Paka ni mzima. Kuku mweupe sijui. Tangu Ijumaa hajaonekana, na jirani yangu Tecla amekuwa akipika kitu chenye harufu nzuri. Simshuku. Naandika tu.

Mimi mwenyewe ni mzima kuliko wote kwa sababu Fancy amekuja.

Fancy ni binti yangu wa kwanza. Yuko Uingereza, anasomea udaktari. Si wa sindano, wa mashine. Alifika jana. Amekonda. Nimempakulia ugali mara mbili, akala mara moja na nusu.

Jambo kubwa ni hili. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kinatafuta mwalimu. Wamemwita Jumatano ya wiki ijayo asimame mbele ya maprofesa awaonyeshe kazi yake. Akipita, atarudi kufundisha hapa kwetu akishamaliza masomo. Asipopita, kuna kampuni huko ng'ambo inamtaka. Ng'ambo ni mbali. Nairobi unatoka asubuhi, saa ya chakula umefika. Nimeomba Mungu. Pia nimeanza kupanga mwenyewe, maana Mungu ana watu wengi wa kushughulikia.

Mashine amekuja nayo ndani ya kisanduku kidogo kuliko kiberiti. Nilitazama. Sikuona mashine. Akanipa kioo cha kukuza. Nikaona kitu kama mlango wa nyumba ya kunguni. Nikasema ni nzuri sana. Na kweli ni nzuri sana.

Jumanne, 3 Agosti

Tukichambua mboga nilimwuliza mashine inafanya nini. Alieleza polepole na nimeelewa yote.

Kuna vibao viwili. Kimoja kimekazwa chini. Kingine kinaning'inia juu yake kwa springi. Ukitia stima vinaanza kuvutana. Vikikaribiana, vinavutana zaidi. Vikivutana zaidi, vinakaribiana zaidi. Cha juu kikishapita theluthi ya ile nafasi, springi haikiwezi tena. Kinaanguka pwaa, kinashikana na cha chini. Kila mtu huanguka hapo, hata wasomi wakubwa. Fancy yeye amekifundisha kibao kusimama pale pale pa kuangukia. Mashine inajipima mwenyewe iko wapi. Ikiona imekaribia mno, inapunguza stima. Ikiona imerudi mbali, inaongeza. Inafanya hivyo haraka kuliko kupepesa jicho, bila kuchoka. Faida yake ni vioo vidogo vya kupeleka sauti za simu kwa mwanga. Hapo kwa mwanga niliitikia tu.

Mchana nilipeleka majani ya chai kupimwa senta. Tecla alikuwa kwenye foleni. Huyu Tecla ni mama wa Kipkirui, aliyekimbia mbio Ujerumani mwezi wa sita akarudi na medali. Kapsoit nzima ilimpokea kwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ndani ya kibuyu na kamba ya mmea wa sinendet shingoni. Tangu siku hiyo hakuna habari nyingine. Ukisema mvua, Tecla anasema mvua ya Ujerumani.

Nikataja tu, bila kujivuna, kwamba Fancy amekuja na mashine aliyoitengeneza. Tecla akauliza inakwenda umbali gani. Nikasema inategemea. Akauliza tena, watu wakinyamaza wasikie. Ikabidi niseme kweli, kwamba haimalizi hata unene wa unywele.

Walicheka. Hata karani wa mizani alicheka. Tecla akasema Kipkirui wake alimaliza kilomita kumi na hakutiwa stima.

Jibu lilinijia nikiwa nimeshafika kwangu langoni. Kipkirui anajua kukimbia. Mashine ya Fancy inajua kusimama. Kukimbia hata ndama anaweza. Nilitaka kurudi nikamwambie, lakini Malaika alikuwa analia akamuliwe.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepata mpango. Mashine itapokelewa.

Kama miguu ya Kipkirui ilipewa maziwa, kwa nini akili ya Fancy isipewe? Kibuyu kiko tayari. Nilikisafisha mwenyewe kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yamelala humo vizuri, yana rangi kama ya mawingu. Sinendet inaota kando ya mto. Mzee Kiptum wa kubariki yuko ng'ambo ya barabara.

Nilimwambia Fancy. Akashika kichwa. Akasema, Mama, hapana. Mashine haitaki vumbi, haitaki unyevu, haitaki hata pumzi ya mtu. Zile zingine zote zilishikana huko maabara, hii ndiyo moja inayofanya kazi, na Jumatano maprofesa watataka kuiona ikisimama. Akasema mara mbili, isifunguliwe.

Nimesikia. Alisema isifunguliwe. Hakusema isipokelewe.

Baba Fancy akanitazama juu ya kikombe. Mimi namjua anaposema kitu kwa kutosema.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekumbuka kwamba dada yangu wa Siongiroi hajamwona Fancy siku nyingi. Inauma sana. Nimemwambia Fancy ni lazima aende Jumamosi, alale huko, arudi Jumapili. Akauliza kwa nini Jumamosi. Nikasema shangazi za siku hizi wanakufa ghafla. Akanirekebisha kwamba huyo ni mama mdogo. Nikasema hata hao.

Amekubali. Mashine ataiacha kabatini, barabara ya Siongiroi itaitikisa. Mimi nilikuwa nachochea moto.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimealika watu wachache. Wanakwaya. Wenye majani wa senta yetu. Mwalimu Mokeira. Ogola, fundi wa redio pale sokoni, ili kuwe na mtu wa mambo ya stima. Tecla nimemwalika kwa heshima yote. Akauliza kama aje na kioo cha kukuza. Nikamjibu kipo, asijisumbue.

Jumamosi, 7 Agosti

Nitaandika tu vile ilivyokuwa.

Fancy aliondoka mapema. Watu wakaja wengi kuliko nilioalika. Tuliweka meza uwanjani, kitambaa cheupe, kisanduku katikati. Kamba ya sinendet ilikuwa kubwa, ya kipimo cha shingo ya mtu. Kisanduku kikapotea ndani ya majani kama yai kwenye kiota. Kwaya ikaimba. Nikasimama nikasema lile jibu langu, kwamba kuna wa kukimbia na kuna wa kusimama. Watu walipiga makofi. Mwalimu Mokeira alinitazama kama nimepita mtihani. Nilikuwa na furaha mpaka masikioni.

Basi Tecla akasema, kwa ile sauti ya kuomba kanisani, kwamba kisanduku kilichofungwa hata yeye anacho nyumbani, anawekea vifungo.

Mtu angefanya nini?

Nilifungua kidogo. Upenyo tu. Ogola akainama na kioo akasema kwa heshima kwamba kweli kuna kitu. Nikafungua zaidi kidogo ili Tecla akione. Tecla akasema haoni. Nikafungua.

Hapo ndipo mzee Kiptum akafika na kibuyu. Mzee hubariki watu, ndama, hata trekta mpya ya kanisa alibariki yeye. Hunywa funda la mursik, husema maneno ya wazee, halafu hunyunyiza kidogo kwa midomo. Lakini trekta ni kubwa. Macho ya mzee yamefifia, kwa hivyo alisogea karibu. Na meno ya mbele yaling'oka mwaka jana, kwa hivyo maziwa siku hizi hayanyunyiziki, yanatoka yote pamoja.

Yalitoka yote pamoja.

Watu wakasema kongoi, yaani asante. Kwaya ikaanza wimbo wa pili.

Niliinamisha kisanduku, maziwa yakatoka. Nikapangusa kwa pembe ya leso. Nikaweka kando ya jiko ikauke. Nikapuliza. Halafu nikakumbuka pumzi. Nikaacha kupuliza. Baba Fancy alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema, Mama Fancy. Jina langu tu. Ningependa angenigombeza.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Tecla alinisalimia kwa upole. Hiyo ni mbaya.

Nimerudisha kisanduku kabatini vile vile kilivyokuwa. Nimekitazama kwa kioo. Kwangu kinafanana na jana. Mlango wa kunguni uko pale pale. Nimejiambia labda haikuingia. Maziwa ni mazito, mashine ni ndogo, huenda hayakupata pa kupitia.

Fancy alirudi jioni na ndizi na salamu. Alikwenda kabatini kabla ya kuketi. Akasimama na kisanduku mkononi. Hakukifungua. Alikinusa.

Mimi na akili yangu yote sikufikiria harufu ya mkaa wa senetwet.

Nilimweleza kila kitu, mpaka Tecla na vifungo vyake. Hakupiga kelele. Alichukua kioo akatazama muda mrefu. Akasema maji ya maziwa yalipokauka yalivuta kibao cha juu hadi chini, na mafuta yakagandisha. Vimeshikana. Hakuna stima ya kuvitenganisha.

Kisha akacheka kidogo, na macho yana maji. Akasema miaka minne amepigana na stima, na hakuna profesa aliyemwonya juu ya mursik.

Nililia jikoni. Nilitaka abaki karibu, na mimi ndiye nimemsukuma kwenda kwa hiyo kampuni.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikuchuma majani. Fancy alikaa nje tangu asubuhi akitazama mlima. Baba Fancy akaenda kuketi karibu naye. Huyu mtu husema maneno kumi kwa wiki, na leo aliyasema yote. Alimwuliza kama maprofesa wanataka kuona mashine au wanataka kuona mtu anayeijua. Fancy akainuka akauliza ni nani hapa ana spika mbovu.

Tulikwenda wote kwa Ogola. Ogola aliposikia kilichotokea alishika kifua kama amefiwa. Alitoa sumaku ya spika kubwa ya baa, hakutaka malipo, akasema ni rambirambi.

Nyumbani Fancy alichukua kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Akakitundika kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ndiyo springi. Sumaku akaiweka chini yake juu ya ubao wa kuinuliwa kwa mkono, ndiyo stima. Ukiinua sumaku, kifuniko kinashuka kidogo. Ukiinua zaidi, kinashuka zaidi. Ukizidisha, pwaa, kimenasa.

Akamwambia babake akisimamishe katikati. Pwaa. Akamwambia Ogola, ambaye alitusindikiza ili kuona. Pwaa. Ogola akasema sumaku yake ina nguvu sana, kwa majivuno.

Nikajaribu mimi. Pwaa. Nikajaribu tena. Pwaa. Halafu nikaona. Hii ni maziwa jikoni. Ukingoja yapande ndipo uvute kuni, umechelewa, yameshamwagika. Unatazama uso wake. Ukianza kutikisika, unavuta kuni. Ukitulia, unarudisha. Nikafanya hivyo na sumaku, juu kidogo, chini kidogo, juu, chini, macho kwenye kifuniko. Kikasimama. Kinatetemeka, lakini kimesimama pale pale pa kuangukia.

Fancy akapiga makofi, akasema, Mama, ndiyo hiyo kazi yangu yote.

Kwa hivyo naandika hapa kwa kumbukumbu kwamba tumeigundua sote wawili.

Jioni alikaa na mimi kwenye benchi. Akasema hata watu wako hivyo. Mtu akikuja karibu na wewe ukazidi kumvuta, anafika mahali ananaswa au springi inakatika. Ukitaka akae karibu, lazima akikaribia umlegezee kidogo. Alisema polepole akinishika mkono.

Nikamwambia ni kweli kabisa. Tecla ndivyo anavyomfanyia Kipkirui. Kijana hapumui.

Fancy akanitazama. Akanibusu kichwani. Sijui kwa nini alicheka.

Jumanne, 10 Agosti

Nimesema nitamsindikiza Nairobi. Akasema hapana. Nikasema nitakaa nje ya mlango. Hapana. Nikasema kwa dada ya Baba Fancy, mtaa mwingine kabisa. Hapana. Baiskeli ya babake imebaki bila tyubu kwa ajili yake na mimi nanyimwa kiti cha basi.

Alipolala mchana nikaweka kibuyu kidogo chini ya nguo zake, kimefungwa kwa mifuko mitatu. Ni cha profesa mkubwa. Hiki si cha kunyunyiza, ni cha kunywa. Ni tofauti.

Jumatano, 11 Agosti

Ameondoka na kifuniko, sumaku na picha za mashine ikiwa bado hai. Na kisanduku, chenye maziwa yake. Alisema atawaambia ukweli. Nikamwomba aseme ni ajali ya kawaida. Akasema si ya kawaida, Mama.

Tecla alipita langoni. Akaniuliza kama kuna habari. Nikasema hakuna. Hakutania. Akasimama kidogo akasema kwamba Kipkirui alipokimbia, yeye alifua blanketi zote za nyumba, hata safi, ili asifikirie. Nikatoa blanketi. Tukafua pamoja. Ana mikono yenye nguvu, huyo mama.

Alhamisi, 12 Agosti

Simu iko dukani kwa Ogola. Nimekaa hapo tangu alipofungua. Kila ikilia, nilisimama. Mara mbili ilikuwa watu wa betri. Kabla ya saa sita ilikuwa Fancy.

Nilishika simu juu chini. Ogola akaigeuza.

Amepita.

Nitaandika tena. Amepita. Alisimama mbele ya maprofesa, akaeleza na chaki, akaonyesha picha, kisha akatoa kifuniko cha mafuta mbele ya watu wenye tai. Akawaambia kila mmoja ajaribu. Pwaa, pwaa, pwaa. Wote wakanaswa. Akawaeleza habari ya maziwa jikoni, akasema ni ya mama yake. Alinitaja mbele yao, mama yangu wa Kapsoit. Mmoja akavua koti akajaribu tena mpaka akaweza, na wengine wakampigia makofi. Waliuliza mashine yenyewe iko wapi. Akawaambia ilibarikiwa. Walicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine habari ya kibuyu. Profesa mkubwa ni mtu wa Bomet. Hajaonja mursik ya nyumbani tangu mamake afariki. Alikunywa chote pale ofisini, bila kikombe.

Sasa hivi anabaki Nairobi mpaka siku ya ndege. Akimaliza masomo mwakani atakuja kufundisha. Atakaa Nairobi, na nyumbani atakuja atakapoweza. Alirudia hayo ya atakapoweza. Nikasema sawa, mwanangu. Nikasema sawa kama mtu aliyeelewa.

Nilipokata simu Ogola alikuwa analia. Nikamwambia asimwagie redio za watu machozi.

Jumapili, 15 Agosti

Nimetangaza kanisani. Niliomba dakika moja, nikatumia zaidi. Nilieleza vibao, springi na theluthi. Tecla alisimama akasema msichana huyu ni wa Kapsoit nzima. Nilimpenda wakati huo. Baada ya ibada akasema Kipkirui anakimbia Japani mwezi wa kumi. Hayo basi. Kuku mweupe amerudi, ana vifaranga. Tecla sitamwomba msamaha maana sikumshuku.

Nimekaa nikafikiri juu ya yaliyopita, vile Mwalimu Mokeira anatuambia tufanye mwisho wa wiki. Nimeona wazi kwamba ni maziwa. Mashine ilinyweshwa, Fancy akapita. Profesa alinyweshwa, Fancy akapita. Kama nisingepanga, angekwenda na kisanduku tu kama mtu yeyote. Kosa lilikuwa ni mzee Kiptum peke yake, na hilo nimelirekebisha. Ameanza kufanya mazoezi kwa kumlenga paka. Paka ni mzima.

Nimeongea na karani wa senta, anajua mtu anayejua kiwanda kinachotaka injinia. Kapsoit ina hewa nzuri kuliko Nairobi. Sijamwambia Fancy, nitamwambia akija. Pia nimepata kijana mmoja wa heshima, mwalimu wa hesabu, hana mke. Namwalika chai siku hiyo hiyo, kwa bahati.

Ukurasa huu wa mwisho nitaukata niutume, kwa sababu ndio mzuri.

Fancy mwanangu, sisi sote hapa tu wazima. Babako ni mzima, bibi yako ni mzima na analalamika, Malaika ni mzima, kuku ni mzima pamoja na watoto wake. Unaondoka keshokutwa kurudi Uingereza, na najua unasoma mambo mengi, sitaki kukuvuta. Nakulegezea, vile ulivyosema. Lakini Jumanne basi lako la uwanja wa ndege halitoki mpaka jioni, na kutoka Nairobi kuja hapa ni asubuhi moja tu, unaweza kula chakula cha mchana urudi. Ukija Krismasi, njoo na mashine nyingine, kubwa kidogo, inayofunguka. Ukurasa huu anakuletea dereva wa basi la alfajiri. Jibu haraka, kwa dereva huyo huyo. Akirudi mikono mitupu kesho jioni, keshokutwa napanda naye mimi, na kibuyu nimeshafunga.